Namba Zangu za Jumanne Kisimani Pujini

Kamba ya makumbi iliyolowa ina harufu yake. Asiyekulia Pemba huziba pua. Aliyekulia huko huiitikia moyoni kabla hajajua anaitikia nini. Ni harufu ya tope la mikoko, ya makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani miezi kadhaa yakalainika, kisha yakapondwa na kusokotwa na mikono ya wanawake. Mwezi uliopita nilikuwa kazini, Wawi, nimeinama juu ya kisima cha nyumba moja tunachukua maji ya kwenda kupima, na bibi mwenye nyumba akanivutia ndoo kwa kamba ya namna hiyo. Siku hizi visima vingi vina kamba za nailoni, kwa hiyo sikuwa nimejitayarisha. Kamba ikapita karibu na uso wangu ikichuruzika maji, nami nikakaa kitako juu ya tofali. Bibi yule akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua tu.

Halikuwa jua. Ilikuwa aibu, na ina umri mkubwa kuliko watoto wangu.

Kupima maji ndiyo kazi yangu miaka mingi sasa, na wenzangu wa maabara hunitania kwa kuwa kila kipimo nakirudia mara tatu. Wanadhani ni umakini wa kuzaliwa. Sijawahi kuwaeleza. Nyinyi nitakwambieni, maana hamnijui sura, na aibu huwa nyepesi kidogo kumwambia asiyekujua sura.

Sisi ni watu wa Pujini. Kwetu kuna gofu mashuhuri, ngome ya zamani ya mtawala mmoja ambaye ukatili wake bado unasimuliwa kama kwamba alifariki wiki iliyopita. Wageni huja kulitazama, hupiga picha, huondoka. Sisi watoto wa pale hatukulitazama, tulichungia mbuzi humo. Tulilojua ni kwamba ndani yake mna kisima, na kwamba mtawala yule alikuwa na wake wawili wenye wivu, akajenga ukuta katikati ya kisima ili wasionane: mmoja akiteka kwa ndoo kutoka juu, mwenziwe akishuka kwa vipandio vya mawe mpaka kwenye maji. Na tulijua pia, kama watoto wote wajuavyo, kwamba mke wa vipandio hakuwahi kupanda tena. Nani aliyetwambia hivyo sikumbuki. Nadhani tuliambiana wenyewe.

Nilipokuwa darasa la tano alikuja mtafiti kutoka Unguja, Bi Raya, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Baba yangu alikuwa mwalimu wa sayansi wa skuli yetu, kwa hiyo Bi Raya alifikia kwetu, akala chakula chetu, na bibi yangu akamuuliza swali ambalo kijiji kizima kilikuwa kinajiuliza: mtu aliyesoma kiasi hicho anataka nini kwenye mawe yaliyoanguka?

Bi Raya hakumjibu bibi peke yake. Alitupeleka darasa zima gofuni asubuhi moja, akatueleza, na mpaka leo sijasikia mtu akieleza sayansi kwa lugha nyepesi kama ile. Alituonyesha chokaa ya ukuta, akachokoa kwa ncha ya kisu kidogo kipande cheusi kisichozidi punje ya mtama. Mkaa, akasema. Waliojenga walichoma matumbawe kwa kuni wapate chokaa, na vipande vya kuni vikabaki humo. Mti ukikatwa huanza kupoteza kitu fulani polepole, kwa mwendo usiobadilika, na maabara huweza kupima kilichobaki na kujua umekatwa zamani kiasi gani. Kwa hiyo ukuta unaweza kuulizwa umri wake, na ukajibu. Akatupeleka kwenye boma la udongo lililozunguka ngome. Chini ya udongo huu, akasema, kuna udongo mwingine uliofunikwa siku boma lilipojengwa, haujaonja jembe wala mvua tangu hapo. Tukiulinganisha na wa mashamba yenu tutajua ardhi imepoteza nini. Akatuonyesha jaa, tukacheka, maana hatukujua kwamba taka za watu wa kale ni mali. Miba ya samaki na makombe ya chaza yalikuwa yanamwambia walikula nini na bahari yao ilikuwaje.

Mwisho akatupeleka kisimani. Watu wake walikuwa wamekisafisha, wakatoa mawe na majani ya miaka mingi. Akasema kisima hiki ndicho kitu chenye faida kuliko vyote kwa sisi tulio hai. Chini ya kisiwa, maji ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Mvua ikiwa nyingi, tabaka la maji matamu hunenepa. Kiangazi kikiwa kirefu hukonda, na chumvi hupanda kutoka chini, hasa wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana. Ukipima kisima kimoja siku zile zile, saa zile zile, miezi na miezi, utaweza kuwaambia watu wapi pa kuchimba na wapi pa kuacha.

Akatoa kipimo chake. Kilikuwa kama kalamu nene, ukikichovya majini kinaandika namba kwenye kioo kidogo. Namba ikipanda, chumvi imezidi. Sisi tukakiita kalamu ya chumvi. Jioni ile bibi yangu alimwomba Bi Raya akichovye kwenye mchuzi wa pweza ili mama aache kubishana naye, na Bi Raya akacheka mpaka akavua miwani.

Kazi ya kupima ilihitaji watoto wawili wa kushuka kisimani baada ya yeye kurudi Unguja: mmoja Jumamosi, mwengine Jumanne, saa ya alasiri. Baba alinichagua mimi, Riziki, kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Bi Raya akamchagua Mize.

Mize alikuwa akikaa dawati la nyuma. Mara nyingi alichelewa skuli kwa kuwa mama yake, Bi Chumu, alikuwa mjane, na kabla ya masomo Mize alimsaidia kuponda makumbi. Nguo zake zilikuwa na harufu ile niliyokwambieni. Tulikuwa tukikaa naye mbali, namna watoto wanavyojua kukaa mbali na mtu bila ya kusema neno. Lakini siku ile gofuni, Bi Raya alipouliza nani atakwenda kuonja maji, Mize alishuka vipandio vile kama anaingia jikoni kwao, akarudi na kusema, "Matamu, ila mwisho wa ulimi yana kitu." Kipimo kilipochovywa kikasema vivyo hivyo. Bi Chumu ndiye aliyesokota kamba ya kupimia kina cha maji, yenye vifundo kila baada ya shibiri, na yeye na mwanawe waliikabidhi kama watu wanaotoa zawadi ya harusi.

Jumanne yangu ya kwanza nilikwenda nikiwa na daftari kwapani, kipimo mfukoni na chupa ya maji ya mvua ya kusuuzia. Kipimo kilitakiwa kisuuzwe kabla ya kila kazi, la sivyo chumvi ya juzi husema uongo juu ya maji ya leo. Nilikuwa nimejisifu skuli nzima. Nikashuka kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hapo jua likaisha. Ubaridi ukanipanda miguuni, kukawa na harufu ya mawe mabichi, na kutoka chini nikasikia kitu kikitumbukia majini: chubwi!

Huenda alikuwa chura. Sikungoja kujua. Nilijikuta nje ya boma, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, moyo ukipiga kama twari.

Ningerudi nyumbani nikasema naogopa, mambo yangeishia kwa kicheko. Baba angenisindikiza. Lakini mtoto wa kwanza darasani haogopi chura, na mtoto wa mwalimu wa sayansi haogopi mke wa mtawala. Nikakaa chini ya ukuta, nikafungua daftari. Juu ya mstari wangu palikuwa na namba ya Mize ya Jumamosi, saba, kwa mwandiko wake uliolala kama nyasi zilizokanyagwa. Nikafikiri, maji yatabadilika nini kwa siku tatu? Nikaandika saba na nusu. Kina nikakiongeza kifundo kimoja, ili ionekane nimepima.

Ndivyo ilivyoanza. Jumanne iliyofuata nilifika juu ya kisima, nikatazama chini, nikarudi ukutani. Ya tatu sikufika hata kisimani. Baadaye nikawa naandika namba zangu nyumbani kwa shangazi yangu, huku natazama televisheni, na daftari limelala juu ya mkeka pamoja na maganda ya njugu. Bibi yangu alikuwa na kawaida ya kusema njia ya mwongo ni fupi. Labda yake ilikuwa fupi. Yangu ilinichukua tangu mwisho wa vuli mpaka kiangazi kilipokolea, na nilikuwa natembea kwa raha.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinangojea namba zile. Wanawake wa bondeni, akiwamo Bi Chumu, walikuwa wameunda kikundi cha kulima mboga: tungule, bilingani, bamia. Walipata miche, walipata kipande cha ardhi, wakakosa maji. Pa kuchimba palikuwa pawili. Pa kwanza ni juu, kwenye mawe, kazi ngumu na mwendo mrefu wa kubeba ndoo. Pa pili ni chini, karibu na gofu, udongo laini na shamba liko pale pale. Bi Raya alikuwa amewaambia kabla ya kuondoka: tazameni namba za kisima cha zamani. Kikiingia kiangazi namba zikatulia, chimbeni chini. Zikipanda, vumilieni mkachimbe juu. Baba yangu ndiye aliyekuwa akiwasomea daftari.

Na daftari likaanza kugombana na nafsi yake. Jumamosi za Mize zilikuwa zinapanda: nane, tisa, kumi na moja. Jumanne zangu zilikuwa saba, saba na nusu, saba. Nilikuwa nimeona namba zake zikipanda, lakini kupanda nazo kungekuwa kukiri kwamba zangu za nyuma zilikuwa na kasoro. Na zaidi ya hapo, nakwambieni ukweli, nilidhani Mize anakosea. Nilikuwa nimeziandika namba zangu kwa muda mrefu hata nikaziamini.

Baba akatuita sote wawili ofisini, baada ya masomo. Alikuwa ameweka daftari wazi juu ya meza. Akamuuliza Mize kwanza, kwa upole, anafanya nini akifika kisimani. Mize akaeleza hatua kwa hatua. Baba akaniuliza mimi. Nami nikaeleza hatua kwa hatua, kwa ufasaha zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimeyasikiliza maelezo ya Mize muda huo huo.

"Mmoja wenu anakosea," Baba akasema.

"Mie naandika n'nachokiona," Mize akasema.

Baba akanitazama. Hapo ningeweza kusema kweli. Badala yake nikasema, taratibu, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake, "Labda hasuuzi."

Neno moja. Hata sikulisema kwa ubaya. Mize aligeuka akanitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama anayeangalia kitu kilichoanguka, hajui kimeangukia wapi. Akasema anasuuza. Baba akamuuliza ana hakika kila mara? Mize akasema ana hakika. Baba akamuuliza tena, na safari hii Mize alichelewa kujibu, na kule kuchelewa Baba akakuchukua kuwa jibu.

Hakumgombeza. Alichukua wino mwekundu akapiga mstari juu ya Jumamosi zote tangu ile aliyoandika nane, kwa rula, akanipa mimi siku zote mbili. Mize akatoka nje. Dirishani nilimwona akivuka uwanja wa skuli, anatembea pembeni kabisa, karibu na ua, kama kwamba katikati ya uwanja pana maji.

Wanawake wakachimba chini. Walichimba wao wenyewe, kwa majembe na ndoo, wiki mbili, wakipokezana, wengine wana watoto mgongoni. Maji yalipotoka walipiga vigelegele ambavyo nilivisikia kutoka skuli. Yalikuwa matamu, na nikashukuru Mungu, nikaona kumbe namba zangu zilikuwa kweli muda wote. Miche ikapandwa. Tungule zikatoa maua.

Kisha likaja bamvua la kiangazi, halafu jengine. Majani ya tungule yakaanza kukauka pembeni, rangi ya hudhurungi, kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Wanawake wakazidi kumwagilia, wakidhani ni kiu. Kadiri walivyomwagilia ndivyo yalivyokauka. Bi Chumu alikuwa wa kwanza kuonja maji ya kisima kipya na kutema.

Baba akampigia simu Bi Raya kutoka mjini Chake. Akaja wiki ile ile. Akapima kisima kipya. Akapima cha gofuni. Akaomba daftari, akalisoma amekaa juu ya boma, na wanawake wa kikundi wamesimama karibu, Baba pembeni, na mimi nyuma ya Baba. Mize alikuwapo na mama yake. Bi Raya aligeuza kurasa mbele, akarudi nyuma. Akauliza ile mistari myekundu ni ya nini, Baba akamweleza. Akapitisha kidole chake kwenye Jumanne zangu, moja baada ya moja.

"Maji ya kisima hayajui kutulia hivi, Mwalimu," akasema. Halafu akaniita. Hakuwa mkali. Alinipa kipimo mkononi. "Mwanangu Riziki, hebu shuka unipimie, nikuone unavyofanya."

Nikakichukua. Watu wakanipisha njia. Nikashuka kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Jua likaisha pale pale lilipoishia siku ile ya kwanza. Miguu yangu ikakataa. Niliiamrisha, wallahi niliiamrisha, lakini ilikuwa kama miguu ya mtu mwengine. Nikasimama nimewapa mgongo watu wote, nimeshika ukuta wa mawe, nasikia mtu mmoja akikohoa, na nikajua kwamba kila sekunde ninayosimama pale inasoma daftari langu kwa sauti.

Sijui nilisimama muda gani. Nilisikia nyayo nyuma yangu. Mize akanipita upande wa ukuta, chupa ya kusuuzia mkononi, akakitoa kipimo katika vidole vyangu bila ya kunitazama, akashuka. Nilimsikia akikisuuza; maji ya chupa yakadondoka juu ya jiwe. Kisha sauti yake ikapanda kutoka chini, tulivu, ikataja namba. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile niliyoiandika Jumanne iliyopita.

Hakuna aliyenifokea. Bi Raya aliandika namba ya Mize kwenye daftari. Baba alikuwa anatazama ardhi, na shingo yake, ambayo nilizoea kuiona imenyooka mbele ya darasa, ilikuwa imeinama kama ya mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Nilimwona akielekea kwa wale wanawake, mmoja mmoja. Sikusikia aliyoyasema. Niliona tu kwamba kila aliyeambiwa alishika buibui lake, akaangalia pembeni.

Siku ya pili, baada ya sala ya Ijumaa, Baba alinishika mkono tukaenda kwa Bi Chumu. Tulimkuta uani, anasokota kamba, na bwana mkubwa mzima, mwalimu wa watu, akakaa chini juu ya kipande cha mkeka akamwomba radhi. Alisema kosa ni lake, kwa kuwa mtoto amemdanganya na yeye hakupeleleza. Alisema kikundi kitachimba juu, na yeye atakuwa wa kwanza kushika jembe. Na kweli alilishika, kila siku baada ya skuli, mpaka viganja vyake vikatoka malengelenge na hakuweza kushika chaki. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile Bi Chumu alisikiliza yote, mikono yake ikiendelea na kazi. Baba alipomaliza, mikono ikasimama.

"Tungule zaota tena, Mwalimu," akasema. "Lakini mie mwanangu n'limpiga. Siku ile alorudi akilia toka skuli, n'limpiga kwa fimbo, nkamwambia wanitia haya mbele ya watu walokwamini."

Mize alikuwa jikoni, mlango uko wazi nusu, moshi unatoka. Nilijua anatusikia. Nilijua pia kwamba nimeletwa pale ili niseme kitu. Baba alinigusa bega. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kilio tu, kilio kikubwa cha kelele, hata Bi Chumu ikabidi aache kamba yake aniletee maji, anifute uso kwa ncha ya kanga yake. Nilikwenda kuomba radhi, nikaishia kubembelezwa na mama wa mtu niliyemdhulumu. Tukaondoka. Mize hakutoka jikoni.

Mwaka uliofuata alipelekwa kwa mjomba wake Micheweni, na mimi nikaendelea na masomo, nikafaulu, nikasoma mambo ya maji, watu wakampongeza Baba. Baba alifurahi. Lakini hakuwahi tena kusoma daftari langu lolote bila ya kwanza kuniuliza, "Uliyaona mwenyewe?" Aliniuliza hivyo hata nilipokuwa mtu mzima nina cheti ukutani, na nilimjibu kila mara, na sikuwahi kukasirika.

Mize nilimkuta tena miaka michache iliyopita. Kazi ilinipeleka Micheweni kupima visima vya vijiji vya pwani, na mmoja wa wanawake waliokuwa wanaanika mwani akaniita jina langu la utotoni. Alikuwa amenenepa, amepata watoto watano, na kicheko ambacho sikuwahi kukisikia skuli. Alinikaribisha kwake, akanipa uji wa mtama. Tukazungumza habari za waliofariki, na Bi Chumu alikuwa miongoni mwao. Nikaona nikisubiri zaidi nitaondoka tena bila ya kusema. Nikamwambia. Nilimwambia yote: chura, televisheni, njugu, na neno lile la ofisini. Nikamwomba radhi kwa mdomo wangu mwenyewe, miaka mingi mno baada ya siku yake.

Akakoroga uji wake. Akasema amenisamehe zamani, kabla hajaolewa, kwa kuwa kinyongo kinachosha. Kisha akasema jambo ambalo nadhani hakuwa amemwambia mtu.

"Wajua, baada ya kupigwa n'lianza kuamini. N'likaa nkafikiri, labda kweli sisuuzi. Labda nasuuza vibaya. Basi nkawa nakwenda kule kisimani peke yangu, siku za Jumamosi. Kipimo unacho weye, mie naonja kwa ulimi. Ulimi wanambia chumvi. Nkirudi nyumbani, kila mtu anambia sivyo. Mwisho nkasema ulimi wangu ndo mbovu."

Alilisema bila ya uchungu, kama anayesimulia homa aliyougua utotoni. Akaniongeza uji.

Kwa miaka mingi nilidhani aibu yangu ni kile kipandio cha tatu, mbele za watu, na miguu iliyokataa. Aibu ile haikudumu; mvua zilipoanza, watu walikuwa na mengine ya kuzungumza. Nilidhani pia dhambi yangu ni zile tungule, na jasho la wanawake wale, na malengelenge ya Baba. Hayo nayo yalipona. Kisima cha juu kinatumika mpaka leo. Sikujua, na nisingeweza kujua mpaka aliponambia mwenyewe, kwamba katika wiki zile nilizokuwa nakula njugu kwa shangazi, mtoto wa rika langu alikuwa akishuka peke yake ndani ya gofu lile ambalo mimi nililiogopa, akichota maji kwa kiganja, na ulimi wake ukimwambia kweli, naye akiukatalia kwa sababu yangu.